Tofali Mlangoni kwa Profesa Metoyer

Mlango wa ofisi ya Profesa Ambrose Metoyer ulizuiwa kwa tofali. Lilikuwa tofali jekundu la kawaida, pembe moja imemeguka, nalo lilikaa pale chini mwaka mzima ili mlango usijifunge. Juu, kwenye ubao wa mlango, palikuwa na karatasi iliyofifia: Saa za Wanafunzi, Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa tisa alasiri.

Odalie Guillory alipita mbele ya tofali hilo kwa miaka miwili na nusu bila kulivuka hata mara moja.

Si kwamba hakuwa na haja. Tangu siku ya kwanza alipoingia Chuo cha Saint-Cyr, huku kusini mwa Louisiana, alijulikana bwenini kwa jambo moja: anataka kuwa daktari. Alisoma kama mtu anayefukuzwa. Kemia ya kaboni, somo la Profesa Metoyer ambalo kila mwaka huwageuza nusu ya wanaoutaka udaktari wakaenda kusomea biashara, yeye alilipasua kwa alama ya juu kabisa. Alikaa mstari wa tatu kutoka nyuma, akaandika, akafaulu, akaondoka. Bendi ya matarumbeta ya chuo ilipofanya mazoezi uwanjani na wenzake wakajazana kuitazama, Odalie alikuwa maktaba na pamba masikioni.

Lakini kuingia ofisini kwa profesa? Kufuata nini? Kwa akili yake, saa zile zilikuwa za watu wa aina mbili: walioshindwa na wanaojipendekeza. Yeye hakuwa ameshindwa, na kujipendekeza hakukuwemo katika damu yao.

Bibi yake, Eula Guillory, ambaye alimlea tangu akiwa mdogo, alifagia na kupiga deki katika shule moja ya sekondari hadi alipostaafu. Katika miaka yote hiyo alijifunza jambo moja kuhusu ofisi: anayeitwa humo hutoka analia. Siku alipompeleka mjukuu wake chuoni, wakishusha masanduku kutoka kwenye gari la muumini mwenzake, alimwambia, "Fanya kazi yako, kaa kimya. Usiende kukaa kwenye ofisi za watu kama hawajakuita."

"Ndiyo, mama," Odalie aliitika, kwa maana ndivyo alivyomwita bibi yake, na neno lile akalishika kama sala.

Hapa ndipo pa kukasirika, na si haki kupapita kimya. Mtoto wa mwenye nafasi hufika chuoni akiwa ameshaambiwa nyumbani, sahani ikiwa mbele yake, kwamba profesa ni mtu wa kuzungumza naye, kwamba mlango ule ni wake pia, kwamba siku moja atahitaji mtu mzima wa kusema, "Huyu namjua." Mtoto wa mfagizi haambiwi na mtu. Karatasi imebandikwa waziwazi, kila mtu anaisoma, na bado wapo wanaoisoma wakaelewa kwamba haiwahusu. Kisha wakikwama tunasema hawakujituma! Odalie alijituma kuliko wote. Ila ilikuwepo kazi nyingine, isiyoandikwa katika kitabu chochote, na hakuna aliyemtajia.

Aliyemtajia hatimaye alikuwa Bi. Prudhomme, mshauri wa wanafunzi wanaoelekea udaktari, mwezi wa Januari wa mwaka wake wa tatu.

"Alama zako zinanifurahisha," Bi. Prudhomme alisema. "Sasa niambie. Kiangazi hiki unaomba shule za udaktari. Kila shule inataka barua za walimu wawili wa sayansi wanaokufahamu. Siyo wanaokufundisha, wanaokufahamu. Nani na nani?"

Odalie alihesabu walimu wake kichwani, akarudia tangu mwanzo.

"Usiniambie hakuna."

"Nilidhani alama zinatosha, mama."

Bi. Prudhomme alivua miwani akaiweka mezani. Aliwahi kuisikia sentensi hiyo kutoka kwa wengi, na wengi wao leo walikuwa wakifanya kazi nyingine. "Mwanangu, alama zinakufikisha getini. Wa kukufungulia ni mtu. Una mpaka Mei. Bila barua mbili nzito, mwaka huu usijisumbue."

*

Jumanne iliyofuata Odalie alisimama mbele ya tofali. Kwa ndani, mzee mwembamba aliyevaa suruali ya mikanda ya mabegani alikuwa akimenya chungwa juu ya rundo la mitihani.

"Unauza kitu?" aliuliza bila kuinua macho.

"Hapana, bwana."

"Basi ingia. Wanaosimama hapo ni wauza biskuti za kuchangisha misaada tu."

Odalie aliingia, akabaki amesimama. Alijieleza: jina lake, darasa la kemia mwaka jana, darasa la biokemia muhula huu, barua. Alisema yote kwa pumzi moja, kama mtu anayemeza dawa chungu. Profesa alisogeza chungwa pembeni, akafungua kompyuta yake.

"Guillory. Alama za juu, muhula wa kwanza na wa pili." Aligeuka. "Na mimi sikukumbuki hata kidogo. Ulikuwa unakaa wapi?"

"Nyuma, bwana."

"Nyuma wapi? Maegesho ya magari?"

Odalie hakujua kama acheke. Profesa Metoyer hakuwa anacheka.

"Sikiliza, binti. Nikikuandikia leo, nitaandika hivi: alikuja, alikaa, alifaulu. Hiyo siyo barua, hiyo ni risiti. Wale watu wanasoma maelfu ya barua. Ya kwako wataiweka chini kabla kahawa haijapoa, na nitakuwa nimekudhuru huku wewe unanishukuru. Sitaki."

Macho ya Odalie yalianza kuwaka. Bibi alisema kweli, aliwaza. Wanaoingia ofisini hutoka wanalia.

"Sijasema hapana," profesa aliendelea, akapachua kipande cha chungwa na kumsogezea juu ya karatasi. "Nimesema siyo leo. Tuna muhula mzima. Njoo kila Jumanne, saa hizi. Mei nikiwa na la kuandika, nitaandika. Nikiwa sina, nitakwambia usoni. Umekubali?"

"Ndiyo, bwana."

"Kula chungwa. Hilo halihesabiwi."

*

Aliyechekwa usiku huo bwenini alikuwa Odalie, na aliyecheka alikuwa Keturah Binns, mwenzake wa chumba, binti wa daktari wa meno wa Houston, msichana mwenye moyo mwema na mdomo usio na breki.

"We mwanamke! Miaka mitatu unamwogopa babu yule? Hajawahi kumng'ata mtu."

"Kang'ata alama za watu."

"Alama zinaota upya. Mimi naingia mle tangu mwaka wa kwanza, anajua mpaka jina la paka wetu." Keturah alijitupa kitandani. "Sikia, nikufundishe. Unaandaa maswali makali. Unaenda unayashusha. Anaona una akili. Kwisha habari."

Ushauri ulitolewa kwa nia njema, na Odalie akaufuata kwa bidii ile ile aliyofuatia kila kitu. Jumanne aliingia na maswali yaliyopigwa pasi. Aliuliza kuhusu kimeng'enya hiki na kile, akitumia maneno marefu, akitikisa kichwa kila alipojibiwa. Profesa alijibu la kwanza. Alijibu la pili. Kwenye la tatu aliweka kalamu chini.

"Jibu la hilo liko ukurasa gani?"

Odalie aliutaja ukurasa kabla hajajizuia.

Uwanjani, tarumbeta moja ilikuwa ikirudia sauti ile ile bila kuipata.

"Kwa hiyo umekuja kunitahini," alisema Profesa Metoyer.

"Hapana, bwana, mimi..."

"Kila mwaka wananijia wanafunzi wa udaktari na maswali ambayo majibu yake wanayo mfukoni. Wanadhani nataka kuona wanajua. Kujua kwako nimekuona kwenye mitihani! Nenda. Jumanne ijayo njoo na kitu usichokijua. Kimoja tu. Kama huna, basi umeshahitimu, huna haja na mimi."

Odalie alishuka ngazi masikio yakiwaka. Wiki nzima alitafuta kitu asichokijua, na akagundua jambo la ajabu: hakuwa amezoea kukitafuta. Tangu utotoni kazi yake ilikuwa kuficha asichokijua mpaka akijue. Kumwonyesha mtu mkubwa shimo lililomo ndani yako, kwa hiari yako, tena saa tisa mchana! Huko kwao kitu hicho hakifanywi na mtu mwenye akili timamu.

Jibu lilipatikana Jumapili, nyumbani, baada ya kanisa. Bibi Eula alikuwa jikoni akikoroga unga na mafuta kwenye sufuria, ule mchanganyiko wa kuanzia mchuzi wa gumbo ambao ukiuacha dakika moja tu umeungua. Alikohoa. Akageuza uso, akakohoa tena, kikohozi kikavu kisichotoa kitu.

"Bado tu, mama?"

"Tangu wanibadilishie vidonge vya presha. Wamenipa dawa ya kikohozi, ya pili hii. Koroga hapa, nisije nikatemea mchuzi."

Odalie alikoroga. Presha ni ya mishipa ya damu, aliwaza. Kikohozi ni cha koo. Kidonge cha mishipa kinafuata nini kooni?

Jumanne aliweka swali lile mezani, bila pasi, na jina la kidonge.

Profesa Metoyer aliegemea kiti. Alifikiri. Kisha akasema neno ambalo Odalie hakuwahi kulisikia kutoka kwa mtu yeyote mwenye cheo.

"Sijui."

"Hujui, bwana?"

"Sijui. Najua kidonge kinavyofunga kimeng'enya, naweza kukuchorea hapa. Lakini kikohozi? Twende." Alikuwa ameshasimama, akivuta mikanda yake ya mabegani. "Ledet atajua. Na kama hajui nitafurahi zaidi."

Walitembea hadi mwisho wa korido, kwa Dakta Perpetua Ledet, mwalimu wa fiziolojia, mwanamke mnene wa sauti nene ambaye wanafunzi walimwogopa zaidi hata ya Metoyer.

"Perpetua! Nimekuletea mtu mwenye swali la kweli."

"Alilipata wapi, katika jengo hili?"

"Jikoni kwa bibi yake."

Dakta Ledet alicheka, akamvutia Odalie kiti. Akachora kwenye ubao. Kimeng'enya kile kinachofungwa na kidonge, alisema, kina kazi mbili. Ya kwanza ni kupandisha presha, na hiyo ndiyo daktari anataka ikome. Ya pili ni kufagia kitu kingine mwilini kinachowasha koo na mapafu. "Ukimfungia mfagizi ndani ili asipige kelele, takataka nazo haziondoki. Zinarundikana. Baadhi ya watu wanakohoa. Bibi yako huenda ni mmoja wao."

"Kwa hiyo aache kidonge?"

Chaki ilisimama ubaoni. "Nani amesema hivyo? Wewe ni daktari?"

"Hapana, mama."

"Basi usimwachishe mtu kidonge cha presha, apate kiharusi kanisani. Mpeleke kliniki. Uliza: je, kikohozi hiki kinaweza kuwa cha dawa? Uliza kwa adabu, na usiondoke mpaka ujibiwe. Kisha urudi uniambie walichosema."

Odalie alifanya hivyo hivyo. Kliniki walimsikiliza, wakakubali, wakabadilisha kidonge. Baada ya muda kikohozi kilikwisha kama mgeni aliyeaga. Na Odalie alirudi kwa Dakta Ledet kumweleza, akabaki mpaka jua likapungua, akaondoka na nafasi ya kusaidia kwenye maabara yake siku za Ijumaa. Hakuiomba. Ilitoka katika mazungumzo, kama vitu vingi vinavyotoka kwa watu waliokwisha kuzoeana.

Bibi Eula, alipolala usiku mzima bila kukohoa, alitaka kujua nani amefanya jambo hili.

"Maprofesa wangu, mama. Niliwauliza."

"Ulikwenda ofisini kwao?"

"Ndiyo."

"Walikuita?"

"Hapana."

Bibi alifungua kabati. Kisha akatoa sufuria kubwa ya Krismasi, ijapokuwa ilikuwa mwezi wa Machi.

Sufuria ya gumbo, yenye kuku, soseji na bamia, ilifika mlangoni kwa Profesa Metoyer Jumanne iliyofuata. Harufu ilijaza korido nzima kabla yake. Profesa alifunua kifuniko, akafumba macho, akavuta pumzi kama mtu aliye kanisani. Halafu akakifunika.

"Rudi nayo."

"Bwana?"

"Nikila hii leo, barua yangu itanuka bamia. Mimi bado sijaamua kama nakuandikia, na wewe umeniletea soseji?" Alikuwa amekunja uso, lakini mkono wake ulikuwa bado juu ya kifuniko. "Mwambie bibi yako hivi. Siku shule za udaktari zitakapokujibu, zikikubali au zikikataa, nasema zikikubali au zikikataa, nitaila. Kabla ya hapo ni haramu kwangu. Wape wenzako bwenini. Ondoka nayo upesi, mimi ni binadamu."

Keturah na ghorofa nzima waliila. Keturah alilamba kijiko akasema kuwa hajawahi kumheshimu profesa yule kama siku hiyo, na kwamba yeye angeuza barua kwa bakuli moja.

*

Aprili ndipo mambo yalipoharibika.

Mtihani wa kwanza wa biokemia alikuwa amepata tisini na tano. Wa pili ulirudishwa ukiwa umekunjwa, na Odalie alipoufunua aliona hamsini na nane. Hakuwahi kupata alama hiyo maishani. Alijua kilichotokea: njia zile ndefu za mwili kutengeneza nguvu kutoka kwenye sukari alizikariri kama majina ya vituo vya reli, bila kuelewa gari linakwenda wapi, na mtihani haukuuliza majina ya vituo.

Jumanne haikumwona ofisini. Iliyofuata pia. Darasani alirudi kwenye mstari wa tatu kutoka nyuma, akatoka kabla ya wengine. Yote aliyojenga yalikuwa yameanguka, ndivyo alivyoona. Angeombaje barua kwa mtu aliyemsahihishia hamsini na nane kwa mkono wake mwenyewe? Alianza kufikiria kumwandikia Bi. Prudhomme kwamba ataomba mwaka mwingine. Au asiombe kabisa.

Ni Keturah aliyemletea salamu. "Babu yako kanisimamisha kwenye ngazi. Kasema, 'Mwambie Guillory tofali linamuulizia.' Nikamwambia mimi siyo posta. Kasema, 'Basi mwambie bure.'"

"Anataka kuniambia haandiki."

"Ehe! Na akisema haandiki, utakuwa umepoteza nini ambacho hujakipoteza humu chini ya blanketi? Amka, unanuka. Osha uso uende."

Alikwenda. Profesa Metoyer alikuwa mezani na chungwa lake. Hakumkaribisha kiti, naye Odalie hakukitafuta.

"Ulipopata tisini na tano ulikuja," alisema. "Umepata hamsini na nane, ukakimbia. Hebu nieleze. Ni lini ulinihitaji zaidi?"

Profesa aliliweka chungwa chini.

"Siku moja atakuja mtu mbele yako na kidonda kimeshaoza. Utamuuliza, kwa nini hukuja mapema? Atakwambia, niliona aibu, Daktari. Utamwambia nini mtu huyo?"

"Nitamwambia amefanya vizuri kuja sasa. Kisha nitaomba kukiona kidonda."

"Basi kilete nikione."

Alitoa mtihani ule kwenye begi. Ulikuwa umekunjwa mara nyingi mpaka umelainika. Waliunyoosha juu ya meza, wakaweka ganda la chungwa pembeni kuushikilia, wakaanza swali la kwanza. Mahali asipoelewa, Odalie alisema, "Hapa sielewi." Alilisema tena, na tena, na kila mara lilikuwa jepesi kidogo. Walipofika mwisho, taa za uwanjani zilikuwa zimewashwa na bendi ilikuwa ikipiga wimbo mzima bila kukosea.

"Haya," profesa alisema, akikusanya maganda. "Sasa nina kitu cha kuandika."

"Kuhusu hamsini na nane?"

"Tisini na tano kila mtu anazo, binti. Nikuandikie kuhusu kitu gani, mwandiko wako?"

Mtihani wa mwisho aliupasua. Lakini jambo hilo, kwa kweli, lilikuwa limeshakuwa dogo.

*

Barua hizo Odalie hakuzisoma. Hiyo ndiyo desturi: mwombaji hutia sahihi kwamba anaiacha haki yake ya kuona alichoandikiwa, ili mwandishi awe huru. Juni, mbele ya Bi. Prudhomme, alitia sahihi hiyo, barua ya Metoyer na ya Ledet zikaenda zao. Alishangaa kuona haumwi na lolote. Miaka mitatu nyuma asingeweza kulala, akiwaza watu wamesema nini juu yake mahali asipokuwepo. Sasa alijua wamesema kweli, na kweli hiyo walikuwa wameshamwambia usoni.

Shule ya kwanza ilimkataa Oktoba. Ya pili haikujibu. Ya tatu ilimwita kwa mahojiano Novemba, akaenda kwa basi la usiku na suti aliyoazimwa na Keturah, mikono mirefu kidogo. Watu watatu walikaa ng'ambo ya meza. Mmoja wao, mwanamke mwenye mvi, alifunga jalada lililokuwa mbele yake na kusema, "Alama tumeziona. Hebu tupe habari za kikohozi cha bibi yako."

Odalie alicheka kwa mshangao, woga ukamtoka wote. Akaanza kusimulia, tangu unga na mafuta jikoni.

Jibu lilikuja Februari, mji ukiwa umeshajaa shanga zinazorushwa kwenye sherehe za Kanivali, zikining'inia mpaka kwenye nyaya za umeme. Amekubaliwa. Alikimbia moja kwa moja hadi ghorofa ya pili, akaruka tofali, na Profesa Metoyer alipoona uso wake hakuuliza neno. Aliinuka akaenda mlangoni akapaza sauti kwenye korido: "Perpetua! Njoo!" Dakta Ledet akaja, akambana Odalie kifuani mpaka miguu ikakaribia kuacha sakafu.

Profesa alijikohoza. "Sasa," alisema, "kuna suala la sufuria."

Sufuria ililetwa Alhamisi, na aliyeileta hakuwa Odalie peke yake. Bibi Eula alikuja mwenyewe, amevaa kofia yake ya zambarau ya Jumapili, glavu mikononi. Alipanda ngazi polepole, akakataa kusaidiwa, akaifuata korido hadi kwenye mlango uliokuwa wazi. Hapo akasimama. Alilitazama tofali. Alisoma karatasi ya mlangoni yote, mdomo ukitembea. Maisha yake yote alifagia mbele ya milango ya namna hii, na hakuna hata mmoja aliowahi kuingia akatoka na furaha.

"Mama, tuingie," Odalie alinong'ona.

"Ngoja kwanza."

Ndani, Profesa Metoyer aliinua macho. Safari hii hakufanya mzaha wa biskuti. Alisimama, akavaa koti lililokuwa nyuma ya kiti, akalifunga vifungo juu ya mikanda yake, akatoka mpaka mlangoni.

"Mama Guillory," alisema, akainamisha kichwa. "Nimekungoja tangu Machi ya mwaka jana."

"Ni gumbo hiyo hiyo," Bibi Eula alisema. "Ila safari hii nimetia na kaa."

"Basi nilifanya vema kungoja."

"Wewe ndiye uliyemwandikia mtoto wangu?"

"Mimi na mwenzangu. Ila sisi tuliandika tu, mama. Ya kuandikwa aliyaleta yeye, na mengine yalitoka jikoni kwako. Ingia, tafadhali. Kiti hiki ni chako."

Bibi Eula aliinua upindo wa gauni lake kidogo, akalivuka tofali, akaingia. Aliketi wima, akavua glavu moja baada ya nyingine, akaziweka mapajani. Dakta Ledet alikuja na mabakuli. Bibi aliwapakulia mwenyewe, akamkatalia profesa asijipakulie, akaongeza kijiko cha juu kwa kila mmoja, kile cha nyongeza ambacho huku kwao hakuna mwuzaji wala mpishi anayemnyima mtu.

Walikuwa wanakula, mlango wazi, harufu ikienda kwenye korido, kivuli kimoja kilipojitokeza pale nje. Msichana wa mwaka wa kwanza, begi kifuani, alisoma ile karatasi, akaona watu, akaanza kurudi nyuma.

Bibi Eula ndiye aliyemwona kwanza.

"We binti," alisema, akinyanyua mwiko, "umesimama nini hapo? Huoni mlango uko wazi? Ingia ule, kisha umuulize mzee huyu unachotaka."